Valvu za mwisho: ugomvi wa miaka ya 1970 unaomsubiri mnunuzi wa leo

Zaidi ya miaka 50 tangu kampuni ya Yaesu ya Japani itoe FT-101, mtambo huo bado unauzwa na kununuliwa kama mtumba. Na kila unapobadilisha mikono, linaibuka swali lile lile lililowagawa wanaredio wa ridhaa enzi zile: valvu zake za mwisho ni za aina gani, na zikifa, nyingine zitatoka wapi?

Wanaredio wa ridhaa ni watu wenye leseni ya kuzungumza hewani kwa kujifunza na kujifurahisha, bila biashara. Zamani meza zao zilijaa mashine mbili: ya kupokea na ya kurusha. Collins ya Cedar Rapids, Iowa, ikaziweka kwenye kasha moja: KWM-1 mwaka 1957, KWM-2 mwaka 1959. Drake na Swan zikafuata. Heathkit ikaleta HW-101 ikiwa vipande vipande, mnunuzi akae aiunge mwenyewe kwa risasi na pasi ya kulehemu.

FT-101 ilikuja na jambo jipya. Karibu yote ni transista, kwenye bodi za kuchomoa na kuchomeka. Valvu zimebaki tatu tu: 12BY7A ya kusukuma, na mbili za 6JS6 zinazopeleka nguvu kwenye antena. Transista za wakati ule zilikuwa nyepesi kuungua antena ikikaa vibaya, valvu ilivumilia.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. 6JS6 haikuzaliwa kwa ajili ya kurusha mawimbi. Ilitengenezwa kwa televisheni, ivute mwali wa picha kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine. Viwanda vilizitoa kwa wingi, kwa hiyo zilikuwa rahisi. Upande wa pili walisimama watu wa 6146, valvu ya kampuni ya RCA ya Marekani iliyoundwa kwa kazi ya kurusha, iliyomo ndani ya KWM-2 na HW-101; Kenwood nayo ilitumia ndugu yake, S2001, kwenye TS-520. Watetezi wa 6JS6 walisema: nguvu nyingi kwa pesa kidogo. Wa 6146 wakajibu kwamba valvu ya televisheni haistahimili kushikiliwa hewani. Maelekezo ya FT-101 yaliwapa hoja, maana yanamtaka mtumiaji asizidishe sekunde 10 anaporekebisha mtambo kwa nguvu zote.

Televisheni ndiyo iliyoamua. Zilipohamia transista, soko la valvu hizo likakauka. RCA ilifunga kiwanda chake cha valvu cha Harrison, New Jersey, mwaka 1976. Mwenye FT-101 akajikuta anatafuta 6JS6C za NEC, zile mtambo ulizozoea. Akiweka za kampuni nyingine, huenda akalazimika kubadilisha kapasita na kusawazisha upya, la sivyo mtambo unapiga mluzi wenyewe. Klabu ya Fox Tango ya Marekani ilijaza majarida yake kwa tiba za namna hii, na mafundi wanayategemea hadi leo.

Jeraha la pili lilitoka kwa madereva wa malori. Wimbi la simu za upepo za megahezi 27 lilipoikumba Marekani, wengi wasio na leseni waliikimbilia FT-101, wakafungua vifuniko na kukaza kila kilichokazika ili wapate wati zaidi. Mwaka 1978 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa vikuza nguvu vinavyofanya kazi kati ya megahezi 24 na 35. Lakini mitambo iliyochokonolewa ilibaki, na baadhi yake bado inazunguka sokoni.

Kwa hiyo usinunue kwa kung'aa kwa uso. Washa, acha valvu zipate moto, bonyeza kurusha bila kusema neno. Mshale wa mita utulie karibu na miliampea 60. Ukipanda polepole bila wewe kufanya lolote, shuku kapasita ndogo iliyo kati ya 12BY7A na valvu za mwisho: ikivuja, inaziua zote mbili. Ukiulizia mtambo uliotoka Marekani, hakikisha transfoma imeunganishwa upya kwa volti za umeme wa kwetu kabla ya kuuchomeka ukutani. Na ukifungua kasha, kumbuka mle mna volti karibu 600, na kapasita hubaki na umeme hata waya ukishachomolewa.

Kuanzia 1980 hadithi inafupika. Kenwood TS-830S ilitoka na 6146B pamoja na masafa mapya yaliyokubaliwa Geneva mwaka 1979. Kisha transista zikachukua hadi hatua ya mwisho.

Inaumiza kuona mitambo hii ikiuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, huku kila waya wake ukifikika kwa mkono wa fundi. Anayetaka wa kutumia leo achague wenye 6146. Kwetu, TS-830S ndiyo ya kwanza kuulizia. FT-101 ni ya yule mwenye jozi ya akiba ya valvu mkononi. Wote wawili wapitie kwanza mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya wakate leseni.