Unyevu na upitishaji joto katika zege jepesi

Zege jepesi huzuia joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa katika vitundu vyake, na unyevu ndio adui mkubwa wa sifa hiyo. Upitishaji joto wa hewa tulivu ni takriban wati 0.025 kwa mita kwa kelvini. Wa maji ni 0.6, na wa barafu 2.2.

Aina

Zege la mapovu lilibuniwa na msanifu majengo wa Uswidi, Johan Axel Eriksson, katika miaka ya 1920. Poda ya alumini humenyuka katika rojo la chokaa, nayo gesi ya hidrojeni huliumua. Matofali hukatwa, kisha huivishwa kwa mvuke wenye shinikizo kubwa. Aina nyingine hutumia kokoto za pumisi.

Namna joto linavyopita

Maji hutanda kwanza kwenye kuta za vitundu na mahali punje zinapogusana, yakawa daraja la joto. Hata unyevu kidogo basi huonekana katika vipimo. Njia ya pili ni mvuke: maji huvukizwa upande wenye joto, mvuke husafiri ndani ya vitundu na kutonesha upande wa baridi, ukiachia huko joto fiche lake.

Kwa zege la mapovu, kiwango cha kimataifa ISO 10456 kinakadiria kwamba kila asilimia 1 ya unyevu kwa uzito huongeza upitishaji joto kwa takriban asilimia 4 ya thamani iliyotangulia, hivyo ongezeko hujilimbikiza. Tofali kavu lenye 0.12 hufikia karibu 0.15 unyevu ukiwa asilimia 5, na 0.27 ukiwa asilimia 20. Tofali jipya hutoka kiwandani likiwa na unyevu wa asilimia 30 hivi, kwa hiyo nyumba mpya huzuia joto vibaya hadi kuta zikauke.

Upimaji

Kupima sampuli yenye unyevu ni kazi ngumu. Kipimo cha bamba moto huchukua muda mrefu, na maji huhamia upande wa baridi kabla jibu halijapatikana. Waya moto hupima kwa dakika chache, hivyo maji hayapati muda wa kuhama.

Ujenzi

Msingi huwekewa tabaka la kuzuia maji ya ardhini, na lipu ya nje huchaguliwa inayopitisha mvuke. Rangi isiyopitisha mvuke hufungia unyevu ukutani. Hesabu ya joto la jengo inayotumia thamani ya tofali lililokaushwa tanurini ni hesabu yenye kosa.