Kipimo cha kifua kikuu kilichoanzia zizini

Mwaka 1890 mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kuwa amepata dawa ya kifua kikuu. Alikosea. Tuberkulini yake, maji yaliyochujwa kutoka kwa vimelea alivyovikuza, haikumponya mtu, ila iliuchokoza mwili uliokwisha kukutana na vimelea hivyo. Clemens von Pirquet wa Vienna aliitumia mwaka 1907 kwa kuwakwaruza watoto ngozi, na mwaka uliofuata Mfaransa Charles Mantoux akaidunga ndani ya ngozi ya mkono. Mpaka leo mhudumu husubiri saa 48 hadi 72, akapapasa uvimbe kwa kidole na kuupima kwa rula. Wekundu hauhesabiwi, ugumu tu. Ndivyo ilivyoanza kueleweka kwamba mtu anaweza kuishi na vimelea vilivyolala bila hata kukohoa.

Udhaifu wa kipimo hicho, yaani kulazimika kurudi kusoma jibu, uliwachosha hata wafugaji. Tangu 1970 Australia ilikuwa ikipambana kuung'oa ugonjwa huu kwa ng'ombe, na kwenye ranchi za kaskazini kukusanya kundi ni kazi ya siku kadhaa. Tuberkulini ilidai likusanywe mara mbili: kudungwa kwenye mkunjo wa ngozi chini ya mkia, kisha kukaguliwa siku ya tatu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa CSIRO, shirika la sayansi la nchi hiyo, waliihamishia kazi hiyo kwenye damu. Damu huchanganywa na tuberkulini, ikaachwa usiku kucha kwenye joto la mwili, kisha hupimwa interferoni gama, kemikali inayomwagwa na seli za kinga zikimtambua adui wa zamani. (Ng'ombe aliyetambuliwa hakutibiwa, alichinjwa.)

Kwa binadamu, Marekani iliidhinisha kipimo cha aina hiyo mwaka 2001, lakini kilikuwa bado kinatumia tuberkulini, ambayo huweza kuchanganya chanjo ya BCG na maambukizi. Suluhisho lilitokana na ugunduzi kwamba kimelea kilichotumika kutengeneza chanjo ya BCG kimepoteza kipande cha jenomu chenye maelekezo ya kutengeneza protini mbili, ESAT-6 na CFP-10. Damu ikichokozwa kwa hizo, chanjo haina la kusema. Utabishiwa kwamba BCG anayopewa mtoto mchanga husumbua kipimo cha ngozi kidogo tu baada ya miaka kumi. Ni kweli, ila katika nchi nyingine chanjo ilitolewa ukubwani au kurudiwa, na huko damu inashinda.

Ninachokikataa ni kudhani kwamba damu inaviona vimelea vyenyewe. Nayo, kama ngozi, huulizia kumbukumbu tu: haimtenganishi mwenye vimelea vilivyolala na anayeumwa, wala haimtaji atakayeumwa kesho, ilhali kati ya walioambukizwa ni asilimia 5 hadi 10 tu watakaougua maishani. Tena inataka maabara iliyo karibu, maana seli zikifa, jibu nalo limekufa. Ndiyo maana mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi za kipato cha chini na cha kati zisiache ngozi kwa ajili ya damu, kabla ya kukubali mwaka 2018 kwamba chochote kati ya viwili kinafaa. Mwaka 2022 likaidhinisha vipimo vipya vyenye protini zilezile mbili za kipimo cha damu, safari hii zikidungwa mkononi. Mtu anaambiwa arudi baada ya siku mbili au tatu, na rula iko palepale mezani.