S3: sheria za mwenye duka

Amazon ilipofungua S3 mwezi Machi 2006, hakuna kamati ya viwango iliyokaa. Waliounda malango baadaye, yaani programu zinazopokea maombi ya S3 na kuhifadhi faili kwingine, wakina Ceph na MinIO, walilazimika kuiga Amazon pamoja na vituko vyake.

Chukua ETag. Mwanzoni ilikuwa alama ya MD5 ya faili, basi waandishi wa programu wakaizoea kama risiti. Novemba 2010 ukaja upakiaji wa vipande, ETag ikageuka: MD5 za vipande huunganishwa, hupigwa MD5 tena, kisha huongezwa kistari na idadi ya vipande. Lango lisipofuata hivyo hivyo, programu ya mteja yaweza kulalamika kuwa faili imeharibika, kumbe nzima!

Januari 2025 tena: maktaba za Amazon zilianza kuambatisha alama ya CRC kwenye upakiaji bila kuulizwa. Baadhi ya malango yakakataa. Kwa Amazon kwenyewe hakuna kilichovunjika, kwa hiyo wa kurekebisha ni wewe mwenye lango. Naona si haki, lakini mteja anataka nakala zake za usiku zifike. Ndugu msomaji, ukikwama, weka request_checksum_calculation iwe when_required.