Kiatu Kisicho na Msumari

Msharasi wa baba bado ninao. Mpini wake aliuviringishia kitambaa mwaka hadi mwaka mpaka ukanenepa kama muhogo, maana vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimebaki nusu, na mpini mwembamba ulimteleza. Kwa msharasi huo alishona viatu zaidi ya miaka ishirini katika kambi moja ya wenye ukoma, bonde la Kilombero. Sharti lake kubwa nililisikia kabla sijajua kusoma: hapa msumari hauingii.

Wewe na mimi tukichomwa na msumari tutaruka na kuvua kiatu hapo hapo. Mguu uliokufa ganzi hauna habari. Mtu atautembelea huo msumari kutwa nzima, ajiendee shambani na kurudi, jioni akivua ndipo akute kiatu kimelowa damu. Kwa hiyo baba alibandika kwa gundi, kisha akashona kwa uzi uliopakwa nta, na akimaliza alipitisha kiganja ndani. Halafu aliniita mimi nipitishe changu. Kiganja chake mwenyewe hakikuwa cha kuaminika.

Watu wa zamani walisema ukoma unakula vidole, na madaktari wengi nao waliamini hivyo. Gerhard Armauer Hansen wa Norway alikiona kijidudu cha ugonjwa huu mwaka 1873, lakini kukiona hakukueleza kwa nini vidole vinakwisha. Aliyelitatua fumbo hilo ni Paul Brand, daktari Mwingereza aliyekwenda kufanya kazi Vellore, India, mwaka 1946. Siku moja alihangaika na kufuli lenye kutu, akashindwa. Mvulana mgonjwa akachukua ufunguo, akauzungusha, kufuli likafunguka. Brand alipomtazama mkono akaona kidole kimechanika, damu inatoka, na mvulana hana habari. Baadaye ikagundulika kwamba vidole vingine vya wagonjwa vilipotea usiku kwa kutafunwa na panya, mwenyewe amelala fofofo. Wagonjwa wakapewa paka.

Jibu lilikuwa ni hilo. Kijidudu kinaua neva. Kinachomaliza vidole ni moto wa jikoni, jembe, panya na kiatu kibaya. Ndiyo maana hospitali za ukoma kule India zikaanza kutengeneza viatu vya sponji ya mpira, laini kiasi cha kubonyea kwa kidole gumba, chini yake soli ngumu ya tairi. Sponji inausambaza uzito wa mwili ili usilemee sehemu moja, na tairi inazuia miiba. Nyuma kuna mkanda, kwa sababu mwenye ganzi akivaa kandambili, ikimtoka njiani haoni tofauti, ataendelea peku.

Sponji ilifika kambini kwetu ikiwa vipande vikubwa kama magodoro ya watoto. Tairi tulitafuta wenyewe.

Kambi za namna hiyo zilitapakaa Tanganyika: Makutupora kule Dodoma, Chazi upande wa Morogoro, Nazareti pale Ifakara, Nunge kule Kigamboni. Nyingine zilikuwa za misheni, nyingine za serikali. Kabla ya vidonge tiba ilikuwa mafuta ya chaulmoogra, mtu anadungwa sindano na sehemu ile inavimba, na faida yake ilikuwa ndogo. Dawa iitwayo dapsoni ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1940. Baba aliingia kambini 1961 akakuta ndiyo dawa, akaimeza miaka na miaka, na wakati huohuo vijidudu sehemu mbalimbali duniani vikaanza kuizoea.

Mabadiliko yalikuja kwa mkupuo. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na mwaka 1981 kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani ikapendekeza dawa mseto. Baba alipomeza dozi ya kwanza mkojo ulikuwa mwekundu, akamwita mama waagane. Ngozi nayo ikakoleza weusi. Siku hizi matibabu ni miezi 6 au 12, unatibiwa ukiwa kwako, na tangu 1995 dawa zinatolewa bure dunia nzima. Mwaka 2006 nchi yetu ilishuka chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000.

Takwimu hizo nazifurahia. Ila nilisoma shule ambako kikombe changu kilifungwa uzi mweusi kisichanganywe na vya wengine, na mimi sijawahi kuugua.

Na kuna kosa moja la baba na wenzake ambalo nimechelewa kulielewa. Viatu vyao vyote vilifanana: vyeusi, vipana, vya mikanda miwili. Viliokoa nyayo, lakini mtu akipita sokoni kila jicho linajua ametoka wapi. Nilifunguliwa macho na mama mmoja aliyekuja kibandani kwangu, ambako nami nilikuwa nashona viatu vilevile vya baba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakigeuza kiatu mara mbili.

"Hivi ni vya kule."

"Vya wapi, mama?"

"Usijifanye hujui, mwanangu. Nikivivaa, nani atanunua mboga zangu?"

Akaondoka na kandambili zake. Baada ya miezi michache alirudi na kidonda kwenye unyayo, kirefu cha kuingia nusu ya kidole changu.

Tangu hapo nimeacha mikanda myeusi. Naagiza ngozi ya kahawia, ya bluu, hata nyekundu, nakata kwa mtindo wa makubazi wanayovaa watu wote mjini, na wateja wasio na ganzi wananunua vilevile wakidhani ni fasheni. Mama yule alichagua jozi nyekundu. Kwa ndani ni sponji na tairi ileile ya baba, imeshonwa kwa uzi wa nta, na msumari haumo.