Filamu ya Karanga na Fomu ya Tamasha

Filamu yangu ina dakika 22. Niliipiga kwa simu Nachingwea na Ruangwa, na gharama kubwa kuliko zote ilikuwa nauli ya bodaboda. Sasa kuna tamasha moja huru linapokea kazi. Ada si kubwa, ila lina sharti: filamu isiwe imewahi kuonyeshwa hadharani popote. Nimekaa na ile fomu siku nne, sijabonyeza kitu.

Kinachonizuia ni historia iliyomo ndani ya filamu yenyewe. Mzee ninayemsikiliza ni wa Ruangwa, na baba yake alifyeka pori la Mpango wa Karanga. Waingereza walianza Kongwa mwaka 1947, wakaja Urambo na huku Nachingwea. Bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikalazwa, yote kwa sababu ya karanga ambazo hazikuwahi kutosha hata kulipia mafuta ya matrekta (hayo ya mafuta ni maneno ya mzee, si ya mkaguzi wa hesabu). Mwaka 1951 mpango ukavunjwa na pauni zaidi ya milioni 36 zikawa zimekwenda na maji. Baadaye reli nayo ikang'olewa. Mzee akifika hapo huacha Kiswahili, anaingia Kimwera, anacheka mpaka anafuta machozi. Kusema kweli, filamu yote ni hapo.

Shamba mojawapo, Farm 17, likaja kuwa kambi ya FRELIMO, ambako Samora Machel aliwaandaa wapiganaji. Na hapo ndipo namkumbuka Robert Van Lierop, wakili Mmarekani mweusi ambaye hakuwa mtu wa sinema hata kidogo. Mwaka 1971 alivuka kutoka Tanzania pamoja na wapiganaji hao, akaingia maeneo yaliyokombolewa ya Msumbiji. Filamu yake, A Luta Continua, ya 1972, ilizungushwa Marekani makanisani, vyuoni na kwenye vyama vya wafanyakazi. Hela ilikuwa ndogo, lakini alijua anaitaka ionwe na nani.

Mimi je? Matamasha siyadharau. ZIFF, tangu 1998, imewakalisha watu Ngome Kongwe usiku kutazama kazi za kwetu, na filamu zimepelekwa hadi vijijini Unguja na Pemba. Kazi ikibaki Ruangwa tu, itaishia kwenye flashi ya mtu na kukatwakatwa WhatsApp. Tamasha lingeipa maswali ya watu wasionijua, na pengine mtu wa kuihifadhi.

Ila tamasha lenyewe liko miezi minane mbele, na mzee anakaribia miaka 90. Mara ya mwisho aliniuliza, "Mjukuu wangu, hiyo picha nitaiona lini?" Nikamjibu, "Karibuni, babu." Nikaona haya, maana nilikuwa nimeshaisoma ile fomu.

Jana nimeifunga. Nitatafuta tamasha lisilo na sharti hilo, na maandishi ya Kiingereza nitayaweka taratibu, Kimwera kile kinataka mtu wa kukaa nacho. Kisha nikampigia mwenye kibanda umiza pale Ruangwa. Amekubali, ila Jumamosi haiwezekani bana, Namungo wanacheza. Amenipa Ijumaa, saa moja jioni, na viti vya mbele viwili.