Mvuke wa Olkaria na Wanafunzi wa Reykjavik

Wapagazi wa pwani waliofuatana na msafiri wa Kiskoti Joseph Thomson mwaka 1883, katika safari iliyoungana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara ya pembe wa Pangani, walifika pande za ziwa la Naivasha wakiwahofu Wamasai kuliko walivyohofu kitu kingine chochote. Na sidhani kwamba walishughulika mno na mvuke unaofuka katika nyufa za majabali ya huko, maana mtu aliyejitwika frasila mbili, naye hajui kesho atakunywa maji gani, hana wasaa wa kutafakari ardhi inapumuaje. Wamasai wenyewe waliithamini nchi ile kwa malisho yake, na kwa ule udongo mwekundu wa kujipaka ambao kwa lugha yao ndio uliolipa jina pahala pale, Olkaria. Ng'ambo ya ziwa, katika mlima wa Eburru ambako maji ni adimu, wakaao huko wamezoea kuutega mvuke kama watu wengine wategavyo mvua: bomba hutiwa kwenye ufa, mvuke hupita ndani yake polepole hata ukapoa, na mwisho wa bomba maji hudondoka katika pipa, tone baada ya tone, usiku na mchana, mpaka ng'ombe akapata kunywa, na mwenye ng'ombe vile vile.

Kuugeuza mvuke kuwa umeme ni hikima iliyoanza Italia, katika kijiji cha Larderello, mwaka 1904, ambako Piero Ginori Conti aliwasha taa tano kwa nguvu ya mvuke wa ardhi. Afrika haikungoja sana kama wengi wadhanivyo. Mwaka 1952, huko Kiabukwa katika Katanga, chemchemi ya maji ya moto, ambayo hayakufika hata kiwango cha kuchemka, iliendesha mtambo mdogo wa kilowati zipatazo mia mbili kwa ajili ya machimbo ya madini. Mtambo ule haukuishi miaka mingi. Ulikuja na wachimba madini na ukawatumikia wachimba madini. Na mimi huutaja kila nisikiapo mtu akisifu ujuzi ulioletwa Afrika bila ya kueleza uliletwa kwa faida ya nani.

Olkaria nako visima viwili vilichorongwa katika miaka ya 1950, navyo havikutoa mvuke wa kutegemewa, kazi ikaachwa. Miaka michache baadaye, mwaka 1961, Umoja wa Mataifa uliwakusanya wanazuoni mjini Rome kuzungumzia nishati mpya, nao waliziweka katika mkutano mmoja nguvu za jua, za upepo na za joto la ardhi, wakiwa na nia hasa ya kuzinufaisha nchi zisizo na makaa wala mafuta. Kwa hiyo wale wanaodhani kwamba shauri la kuyaacha mafuta lilizuka juzi wamekosea kwa zaidi ya nusu karne. Kuanzia mwaka 1970 Umoja wa Mataifa, serikali ya Kenya na kampuni ya umeme ya Afrika ya Mashariki walishirikiana kupima upya Bonde la Ufa, na bei ya mafuta ilipopanda ghafula mwaka 1973, jambo lililokuwa la wataalamu likawa la mawaziri wa fedha. Visima sita vilikuwa tayari kufikia mwaka 1976. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kufanya kazi, na mwaka 1985 mitambo mitatu ilikuwa ikitoa megawati 45.

Lakini historia hii, kwa rai yangu, haikai katika megawati. Inakaa katika darasa lililofunguliwa Reykjavik mwaka 1979, baada ya Aislandi, nchi ndogo ya baridi kali ambayo tangu mwaka 1930 ilikuwa imeanza kupasha nyumba za mji wake mkuu kwa maji ya moto ya ardhini, kukubaliana na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kuwapokea wataalamu vijana wa nchi maskini, kwa gharama iliyobebwa zaidi na Aislandi yenyewe, na kuwafundisha kwa miezi sita ilmu ya jotoardhi. Humo mwanafunzi alijifunza, pamoja na hesabu ngumu, kazi ambayo kwa macho ni kama ya mama anayepepeta mchele: vijiwe vinavyopandishwa na tope la kuchorongea huoshwa katika chekecheke, hutandazwa, kisha hutazamwa kwa hadubini, kimoja kimoja, akitafutwa shahidi. Shahidi huyo ni fuwele ya kijani kibichi iitwayo epidoti, ambayo haijiundi mwambani mpaka joto likaribie digrii 250. Akionekana, wachorongaji hujua kwamba mahali pale moto upo, au uliwahi kuwapo, na hili la pili limewapotezea watu fedha nyingi, maana jiwe husimulia ya kale hata baada ya ardhi kupoa.

Hakuna nchi iliyopeleka wanafunzi wengi katika darasa lile kuliko Kenya. Wao ndio waliorudi wakavisimamia visima vya Olkaria, ambavyo baadhi yake hushuka mita elfu tatu, na tangu mwaka 2005 mafunzo mafupi yakawa yanafanyika papo hapo Naivasha kwa vijana wa nchi nyingine za Bonde la Ufa, Watanzania wakiwamo. Kisha shirika la umeme la KenGen likapata kandarasi za kuchoronga visima Ethiopia na Jibuti. Mwanafunzi amekuwa fundi wa jirani zake. Huo ndio ushirikiano ninaoweza kuuita wa haki pasipo kumeza mate.

Haki hiyo, hata hivyo, ilichelewa kufika katika maboma yaliyo jirani na visima. Mwaka 2014, megawati 280 mpya zilipoongezwa Olkaria kwa mikopo ya mabenki ya kimataifa, familia za Kimasai zilihamishiwa makazi mapya yaitwayo RAPland, nazo zikapeleka malalamiko Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya: ardhi waliyopewa ilikatwa na makorongo, barabara ilikuwa mbaya, hati ya ardhi ilikuwa haijatoka, na kituo ambacho wanawake waliuzia watalii shanga kilikuwa kimekuwa mbali. Wakaguzi walioteuliwa waliona, miongoni mwa mengine, kwamba baraza la wazee halikushirikishwa ipasavyo, wala lugha ya Kimaa haikutumiwa vya kutosha katika mashauriano. Watu waliofundishwa kuyauliza mawe yaliyo mita elfu tatu chini, na kusubiri jibu lake kwa saburi, walikuwa na mzee wa Kimasai amekaa juu ya mawe hayo hayo, mkononi ana rungu, na lugha yake ipo. Mazungumzo ya upatanishi yalifanyika, na katika mapatano ya mwaka 2016 yakaandikwa, pamoja na mengine, barabara na hati.