Woody wa Mara Moja

Hollywood walimwita Woody wa mara moja. Waigizaji wakifanya tukio mara ya kwanza na likae sawa, W.S. Van Dyke alihamia linalofuata, hakuna kurudia. Ile studio kubwa, MGM, ilikuwa kama kiwanda, na kiwanda kinampenda fundi wa aina hiyo. Mwaka 1934 pekee alitoa Manhattan Melodrama, The Thin Man, Hide-Out na Forsaking All Others. The Thin Man ilirekodiwa kwa kama wiki mbili tu, na bado ikamletea uteuzi wa Oscar. Mimi naishi kwa kuandika vibarua, kwa hivyo kasi hiyo naiheshimu.

Lakini sisi tuna kesi yetu na yeye.

Mwaka 1929 MGM ilimtuma huku kwetu kurekodi Trader Horn. Kikosi chake kilizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, hadi maporomoko ya Murchison. Waliugua malaria. Edwina Booth, nyota wao wa kike, alirudi kwao mgonjwa na baadaye akaishtaki studio. Mutia Omoolu, Mkenya (jina hilo linanipeleka moja kwa moja Ukambani), aliigiza Renchero, mbeba bunduki wa Horn. Alisafirishwa hadi Hollywood kumalizia matukio yake. Mtazame: ametulia, kamera inampenda. Halafu hadithi inamuua ili mzungu aendelee na safari.

Filamu ikatoka 1931, ikateuliwa Oscar ya filamu bora. MGM ikabaki na mikanda kibao, na mikanda ni pesa. Sasa angalia Tarzan the Ape Man ya 1932, mwelekezi ni Van Dyke huyo huyo. Jane na babake wanatembea wakishangaa Waafrika wamejipamba, wamekusanyika. Kumbe Maureen O'Sullivan yuko studio California, na nyuma yake ni skrini. Wale watu ni wa 1929. Jane anawaangalia, wao wanaangalia kamera iliyoondoka kitambo.

Van Dyke alifariki 1943. Mikanda haikustaafu, bana; studio iliendelea kuichota kwa Tarzan zilizofuata. Yeye aliandika hata kitabu kuhusu safari ile. Wale wa kwenye skrini walirekodiwa mara moja, wakatumika miaka, na majina yao hayakuandikwa popote kwenye filamu.